Kichwa cha Mhunzi

Maiti waliyokabidhiwa ilikuwa fupi.

Mke wa mhunzi aliligundua hilo kabla hawajaiinua. Mumewe alikuwa mtu wa kuinama kila mlangoni, mtu ambaye kitanda chake mwenyewe alikiongezea ubao ili miguu isining'inie. Sasa alikuwa amelazwa kwenye majani mabichi nje ya ukuta wa boma, ameshonewa ndani ya turubai kwa uzi wa gunia, na turubai lenyewe lingemtosha kijana anayeanza kubalehe. Kamba zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Mbao za kunyongea zilibaki zimesimama, mpya, zikinuka utomvu.

"Mnakwenda naye moja kwa moja kaburini," alisema askari wa zamu. Alikuwa mtu mweusi kama wao, aliyeletwa kutoka mbali, na alisema hayo huku akitazama viatu vyake. "Ni amri ya Bwana Mkubwa. Hakuna kufungua."

Familia nyingine zilikuwa zikiokota maiti zao kimya kimya, zikiondoka bila kuagana. Wifi yake, dada wa marehemu, alishika upande wa miguu. Mjomba wa marehemu na majirani wakashika ubavuni. Mke wa mhunzi aliingiza mikono yake chini ya mahali palipopaswa kuwa na kichwa, na viganja vyake vikakutana vyenyewe kwa vyenyewe.

Hakupiga ukelele. Walipofika nyumbani alichukua kisu cha jikoni akapiga magoti.

"Usifungue," wifi yake alimnong'oneza. "Watu wanatazama."

"Waache watazame."

Akafumua uzi wa turubai, tundu baada ya tundu, kama afumuavyo nguo anayotaka kuishona upya. Shingo ilikuwa imekatwa vizuri. Haikuwa kazi ya panga wala ya mtu mwenye hasira. Ilikuwa imekatwa kwa utulivu, na mtu mwenye vifaa. Mjomba alitoka nje akaketi chini, akashika kichwa chake kwa mikono miwili kana kwamba nacho kingeondoka. Wifi aliuma upindo wa nguo yake.

Baadaye mjomba alirudi ndani akazungumza kama mkubwa wa nyumba. Alisema jua ni kali, maiti haiwezi kungoja. Alisema marehemu hajui tena kama ana kichwa au hana, lakini walio hai wanajua, na kuna mtoto wa kike hapa anayehitaji mama. Alisema boma halijawahi kumrudishia mtu kitu. Mke wa mhunzi alimsikiliza mpaka mwisho, maana mzee alikuwa anasema kwa uchungu, wala hakuwa amekosea.

"Zikeni mlicho nacho," akasema. "Mimi nakwenda kuchukua kilichobaki."

Akamwachia wifi yake binti, akanawa mikono, akatoka.

Tangu Wajerumani wajenge boma lao, kila nyumba ilitakiwa kutoa watu wa kulima pamba. Pamba hailiwi. Waliokwenda waliacha mashamba yao ya chakula yakimezwa na magugu, na wasiokwenda walifuatwa majumbani. Kwa ajili ya hao wasiokwenda Bwana Mkubwa alihitaji minyororo ya shingo, na meli iliyopaswa kuileta ilichelewa. Ndipo mhunzi alipopelekewa chuma, chuma kizuri cha ng'ambo, akaambiwa afue pete za kutosha shingo za kijiji chake.

Alikipokea chuma kile. Akajifungia kwenye kiwanda chake, moto ukiwaka kutwa, na watu waliopita njiani walikuwa wakigeuza nyuso wasimsalimu. Wapo waliotema mate. Aliendelea kupiga nyundo. Askari walipokuja kuchukua pete walikuta hakuna hata moja. Chuma chote kilikuwa kimekuwa majembe, na majembe yalikuwa yamekwisha kugawiwa nyumba kwa nyumba.

"Nilielewa vibaya," mhunzi aliwaambia, na hakujisumbua kuficha kwamba anawatania. "Nilidhani mnataka watu walime."

Mzaha ule ulikimbia kijiji kizima kabla hata hajafungwa kamba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakaurudia mtoni, wakaurudia mashambani. Kisha ukafika bomani, na kule hakuna aliyecheka. Walinyongwa yeye na wanaume waliokutwa na majembe yale wakilima mashamba yao wenyewe, baada ya kesi iliyosikilizwa barazani kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeifahamu.

Mkewe alilijua boma kwa mlango wa nyuma. Alikuwa dobi wa daktari Mjerumani wa pale. Alichukuliwa pamoja na wanawake wengine kujenga ukuta, na daktari alipoona jinsi alivyokunja magunia matupu ya mchanga akasema huyu apewe mashati yangu. Tangu hapo alifua mashuka yake, akatia wanga kola zake, akazipiga pasi ya makaa hadi zikasimama zenyewe. Daktari hakuwa mkali. Alisalimia. Watoto wenye homa aliwapa dawa bila kuwauliza walikotoka. Ila alikuwa na ugonjwa wake wa kupima. Aliwapima wafungwa, akawapima wapagazi, na siku moja alimketisha dobi wake kwenye kigoda, akambana kichwa kwa mikono ya chuma baridi, huku akimwinua kidevu na kumgeuza upande huu na ule. Kila alipotaka ageuke alimgusa utosi akisema neno lile lile: *Kopf. Kopf.* Akainuka pale na neno hilo limemganda, kama harufu ya sabuni.

Siku hiyo aliingia kwa mlango wa mbele.

Bwana Mkubwa alikuwa barazani na daktari, wakinywa kahawa. Kati ya meza na ngazi alisimama mkalimani, amevaa koti lililofungwa vifungo vyote. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa mhunzi. Walilelewa nyumba moja, wakala sahani moja, hadi siku wamisionari walipomchukua mmoja na kumwacha mwenziwe kwenye mivukuto ya uhunzi.

"Shemeji," mkalimani alisema kwa sauti ya chini, "rudi nyumbani."

"Mwambie nimekuja kuchukua kichwa cha mume wangu."

 Mkalimani akamgeukia Bwana Mkubwa, akasema maneno mengi, sauti imelegea na mgongo umeinama. Bwana Mkubwa aliitikia, akanyoosha kidole kuelekea ghalani.

"Anasema amesikia msiba wako. Utapewa kitambaa."

"Sikuomba kitambaa. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia yanayofaa kuambiwa."

"Mwambie niliyosema."

Mkalimani akasema tena, na tena sauti ikalegea. Safari hii mke wa mhunzi hakumtazama yeye. Alimtazama daktari. Kama kichwa kimetajwa, daktari angeinua macho. Daktari alikuwa akikoroga kahawa.

Akampita mkalimani. Akapanda ngazi hadi mezani, akaweka kiganja juu ya utosi wake.

"Kopf," akasema. Akaonyesha zile mbao nje ya ukuta. Kisha akajipiga kifua. "Kopf. Changu."

Kijiko kikasimama kikombeni.

Bwana Mkubwa alimuuliza daktari kitu kwa ukali, na daktari akamjibu kirefu, bila hasira, hata kwa furaha fulani, kama mtu aliyeulizwa habari za bustani yake. Halafu akamwashiria mkalimani atafsiri. Safari hii mkalimani hakuruka neno, maana maneno yalikuwa yao.

"Daktari anasema kichwa hakijapotea. Kiko salama. Kitakwenda Ulaya, kwenye nyumba kubwa ya elimu, mabingwa wakichunguze. Anasema ni heshima. Anasema mume wako alikuwa na fuvu zuri sana."

"Mwulize mbona hakuja kumwomba mume wangu mwenyewe, alipokuwa bado nalo, na mdomo wa kumjibu."

"Hilo siwezi kulisema, shemeji."

"Kazi yako ni kusema."

 Bwana Mkubwa alikwisha kumwita askari amfunge, lakini daktari akaingilia kati. Walizungumza, wakacheka kidogo. Baadaye mke wa mhunzi alikuja kujua walichekea nini: hapakuwa na mtu mwingine katika boma zima aliyejua kutia wanga kola.

Ndivyo alivyorudishwa kwenye karo za kufulia, safari hii na askari wa kumsimamia.

Mafiga yake yalikuwa matupu. Ile sufuria kubwa ya kuchemshia mashuka, aliyoisugua kwa mchanga kila siku hadi ikang'aa, haikuwepo. Akaitafuta akaikuta nyuma ya stoo ya daktari, juu ya majivu yaliyopoa. Ilikuwa imeoshwa, lakini na mtu asiyejua kuosha. Ndani yake, pale maji yalipofikia, mafuta yalikuwa yameganda kuzunguka kama mstari wa chaki, na kwenye mafuta yale palikuwa na unywele. Kando yake vilikuwapo vipande vya chupa vya kukwangulia na beseni la maji machafu.

Alisimama pale. Nzi walikuja wakatua usoni pake naye asiwafukuze.

Askari alimtupia furushi la mashati. "Chemsha maji. Daktari anataka kuvaa."

"Nichemshe kwenye nini?"

Askari aliionyesha sufuria kwa kidevu. Naye hakuitazama, yawezekana alikuwepo zamu ya jana.

Mke wa mhunzi aliisukuma sufuria kwa mguu ikabingirika hadi ukutani, ikalia kama kengele. Akafungua furushi. Akayatandaza yale mashati meupe juu ya majivu, moja moja, akayanyoosha mikono na kola kama anayeyaanika, kisha akapanda juu yake akayakanyaga. Alikanyaga bila haraka, kisigino kwa kisigino, jinsi watu wanavyokanyaga udongo wa kujengea. Kitako cha bunduki kilimkuta bado anakanyaga.

Pete waliyomfunga shingoni ilikuwa imewasili na meli. Mtu aliyeifua hakujua kazi, au hakujali: ukingo wake haukulainishwa na ulimchuna kila alipogeuka. Aliipapasa kwa kidole.

"Mume wangu angeona aibu kumpa mtu kitu kama hiki," alimwambia mwanamke waliyefungwa naye, na mwanamke yule, ambaye alikuwa akilia, akacheka hadi kamasi zikamtoka puani.

Mwanamke yule alikuwa mjane wa mfuma mikeka. Nyuma yake alikuwa mke wa mvuvi wa mtoni, na nyuma ya huyo wengine. Habari za turubai lililofumuliwa zilikuwa zimefika kila nyumba iliyopewa maiti fupi. Wengine walifumua maturubai yao kabla ya kuzika, wengine walifukua kaburi lililokwisha kufukiwa. Wakaja mlangoni pa boma kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja aliweka kiganja utosini akasema lile neno moja, maana mke wa mhunzi alikuwa akilisema kwa sauti kutoka uani alipofungwa, na upepo ukavuka nalo ukuta. Bwana Mkubwa aliona ni rahisi kuwafunga mnyororo mmoja. Wakawekwa kubeba mawe.

Mkalimani alimjia adhuhuri, askari wakiwa wanakula. Alileta kata ya maji, akachuchumaa.

"Nilikuokoa, shemeji. Ningesema kama ulivyosema, wangekunyonga palepale."

"Na siku ya kesi ulimwokoa nani? Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wake."

 Maji yalimwagika kidogo kutoka kwenye kata, mkalimani akayaacha yamwagike.

"Siku ile nilitafsiri sawasawa," akasema. "Walimuuliza kwa nini hakufua pete. Akawaambia ule mzaha wake. Nami nikautafsiri kama ulivyo, neno kwa neno, kwa sababu ulinichekesha. Tangu utoto alikuwa akinichekesha. Nilidhani na wao watacheka." Akafuta mdomo. "Tangu hapo sisemi kitu kama kilivyo."

Mke wa mhunzi alikuwa amejiandaa kumtukana. Alikuwa na maneno tele. Lakini alipomwona vile, koti limefungwa vifungo vyote katika jua lile, alihisi amechoka naye tu.

"Kiko wapi?"

"Kwenye sanduku. Vyote viko humo. Msafara unaondoka kwenda bandarini, na daktari mwenyewe anausindikiza."

"Nani atalibeba?"

"Nyinyi mtabeba mizigo. Wanaume wamekimbilia msituni, hakuna wapagazi. Mgawo wa mizigo nasoma mimi."

"Basi nipe mimi sanduku hilo."

Mkalimani alimtazama, machozi yakamlengalenga. Alidhani amemwelewa. Alidhani ni mke anayetaka kumsindikiza mumewe mwendo wa mwisho, na kwamba kumbe hata msiba huu una mahali pa kutulia. Akakubali. Akamshika mkono, akauachia, akaenda zake.

Asubuhi ya msafara walipewa mizigo yao uani. Mjane wa mfuma mikeka alipewa hema lililokunjwa. Mke wa mvuvi alipewa kiti cha safari cha daktari. Mke wa mhunzi aliwekwa mbele ya mnyororo, na mkalimani akamletea sanduku kwa mikono yake mwenyewe, la mbao nyeupe, lililopigiliwa misumari pande zote, na vishikio vya kamba. Daktari alisimama karibu akaangalia linavyopandishwa, akasema kitu.

"Anasema ulibebe kwa uangalifu," mkalimani alitafsiri.

"Mwambie asiwe na wasiwasi."

Lilikuwa jepesi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikaza shingo kungojea uzito wa wanaume wazima, lakini kilichomkalia kichwani kilikuwa kama kikapu cha vibuyu.

Wakatoka langoni. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani pande zote mbili za njia, nyeupe hadi macho yanapoishia, na watu waliokuwa wakiichuma waliinua migongo wakawatazama wakipita. Wifi yake alikuwa miongoni mwao, na yule binti amembeba mgongoni. Hawakuitana. Mtoto alinyoosha mkono tu, na wifi akaurudisha ndani ya mbeleko.

Ng'ambo ya mashamba njia iligawanyika. Ya kulia ilikuwa pana, iliyosafishwa na wafungwa waliotangulia, ikishuka kwenda bandarini. Ya kushoto ilikuwa kichochoro cha kawaida cha kwenda kijijini, nyasi zimeanza kuifunga. Askari wa mbele alishika kulia bila kugeuka. Mke wa mhunzi akashika kushoto.

Mnyororo ukakazika. Pete ikamkaba, ukingo wake ukazama shingoni, naye akasimama wima ili sanduku lisiyumbe.

"Tunakwenda wapi?" mjane wa mfuma mikeka aliuliza nyuma yake.

"Nyumbani."

"Watatuua, dada."

"Wa kwako naye nimembeba humu."

 Kisha mnyororo ukalegea. Hema lililokunjwa lilianguka kando ya njia kwa kishindo. Mke wa mvuvi akauliza kuna nini huko mbele, akaambiwa, na kiti cha safari nacho kikaanguka. Neno likasafiri pete kwa pete hadi mwisho, na kila lilipofika mzigo ulishuka chini. Wanawake wakageuka kushoto mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa waliofungwa pamoja hawawezi kwenda njia mbili.

Askari wa mbele alikuwa amekwenda mbali kidogo kabla ya kutambua kwamba hafuatwi. Akarudi mbio akipiga kelele. Askari wa nyuma walikuwa wameshashusha bunduki mabegani. Mke wa mhunzi alisikia vyuma vikivutwa na kurudishwa, sauti aliyoijua tangu siku walipokuja kumchukua mumewe. Hakugeuka. Nyasi zilimgusa magoti, zingali na umande.

Ndipo daktari, juu ya nyumbu wake huko nyuma, alipopaza sauti. Alipaza sauti kweli, kama mtu anayeona nyumba yake inaungua, mikono yote miwili juu, kofia imemwanguka. Askari walisita. Wakamgeukia mkalimani.

"Anasema msipige," mkalimani alitafsiri, na sauti yake ilifika mbali katika asubuhi ile. "Anasema msipige juu. Mtaharibu sanduku."

Askari wakatazamana. Kisha mitutu ikashuka, polepole, ikaacha vichwa na migongo, ikalenga miguu.

Wanawake hawakukimbia. Wangekimbiaje, na mnyororo ule? Walitembea kwa hatua moja, wakipandisha kilima kuelekea kwenye makaburi yaliyosubiri, na ndani ya sanduku, kwa kila hatua, wanaume wa kijiji waligongana taratibu.